Ukurasa wa Arobaini na Saba

"Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na nane."

Mhifadhi alisimamisha kidole. Akarudi nyuma, akahesabu upya. Ukurasa wa arobaini na saba haukuwepo.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika chumba cha nyaraka adimu cha maktaba ya chuo kikuu, na jalada hilo lilitakiwa kupigwa skani mchana na kuwekwa mtandaoni. Wiki iliyopita yeye mwenyewe aliandika namba kwa penseli kwenye kona ya kila karatasi, na zilitimia. Akafungua daftari la wasomaji. Tangu hapo jalada liliombwa na mtu mmoja tu. Alipouona mwandiko, aliutambua.

Mchumba wake. Injinia, kama kila mtu alivyomwita. Harusi ilibaki siku kumi na mbili.

Akatoka koridoni, akapiga simu.

"Mke wangu mtarajiwa! Umenikumbuka?"

"Ijumaa uliposoma jalada la marehemu baba yako, uliuona ukurasa wa arobaini na saba?"

"Ukurasa gani tena? Nilipitisha macho tu."

"Haupo."

"Basi mmeuweka vibaya wenyewe. Niko kazini, tutaongea."

Simu ikakatwa.

Mhifadhi aliijua karatasi ile. Baba yake Injinia, enzi zake akiwa mhadhiri hapo, aliwaandikia wakubwa kwamba rafiki yake anachochea wanafunzi. Ulikuwa uongo. Rafiki akafukuzwa kazi wiki ile ile.

Alijaribu kukaa, akashindwa. Alipanda ngazi, akashuka, akasahau alichofuata. Mwishowe akatuma ujumbe: "Irudishe leo."

Jibu likaja: "Nielewe basi. Mama akijua hiyo barua ipo huko, presha itamuua. Unataka watu waisome mtandaoni wiki ya harusi yetu? Ni karatasi moja tu. Kama unanipenda, kaa kimya."

Akalisoma mara tatu. Hakuna mwingine aliyejua. Namba zilikuwa za penseli. Arobaini na nane ingegeuka arobaini na saba, na nyingine zingefuata. Akashika kifutio. Akafuta nane. Alipoiona ile kona tupu, akakitupa kifutio mezani kama kimemuunguza.

Akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Mwendo wa dakika kumi, alifika anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona jasho hivyo, unafukuzwa?"

"Mama, kuna barua ya marehemu baba kule maktaba..."

"Ile ya kumchongea mwenzake?"

"Unaijua?"

"Niliipiga chapa mimi. Nilikuwa karani wake kabla hajanioa. Nakala nikaificha miaka thelathini. Alipofariki, nikaiweka kwenye boksi la karatasi zake, nikalileta kwenu kwa mikono yangu. Nilijua watoto wa yule bwana watakuja siku moja kuuliza baba yao alikosa nini. Nilitaka wakute jibu." Akamkazia macho. "Kwa nini unauliza?"

Mhifadhi alitazama sakafu.

"Mwanangu kaichukua?"

Mama alishanyanyua simu.

"Wewe! Njoo hapa sasa hivi, na hiyo karatasi. Kazi itakusubiri!"

Nusu saa baadaye Injinia aliingia, barua ikiwa ndani ya bahasha kwenye mkoba.

"Mama, nilikuwa nakulinda."

"Mimi, au jina lako? Lini uliniuliza?"

Injinia akaitoa bahasha. Akamgeukia mchumba wake.

"Hii hapa. Irudishe, yaishe."

"Hayaishi hivyo. Tunairudisha wote, na unamwambia mkuu wa maktaba kwa mdomo wako. Hutaki, nitamwambia mimi, na harusi hakuna."

"Utajiponza kazini."

"Nimeshajiponza. Asubuhi nilifuta namba moja kwa ajili yako. Sijawahi kujichukia hivyo. Na hilo nitalisema pia."

"Ulifuta? Wewe?"

"Mimi."

Injinia akaketi. Baadaye akasimama.

"Twende."

Kwa mkuu walikaa dakika arobaini. Mhifadhi alitoka na barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Injinia alipigwa marufuku kuingia maktaba mwaka mzima.

"Nisamehe," alisema mlangoni.

"Kuna mtu wa kuanza naye. Mama anayo namba ya binti wa yule bwana."

"Naogopa."

"Ogopa, lakini piga."

Alipiga pale pale. Alijitambulisha, akamweleza yote.

"Nitakuja Jumatatu ijayo," ilisema sauti ya mwanamke, simu ikakatwa.

Wiki nzima hakuna aliyelala vizuri. Kadi zilikwishasambazwa, shangazi walipiga simu kuulizia rangi ya sare, na Mhifadhi alijibu "nitakwambia" kwa kila swali.

Jumatatu binti alikuja. Alisoma saa mbili, akainakili barua yote kwa mkono. Injinia alimsubiri nje, juani.

"Wewe ndiye mtoto wake?"

"Ndimi. Samahani sana, dada."

"Nimesoma. Asante kwa kuirudisha."

Hakumpa mkono. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mhifadhi alishuka, akaketi kando ya Injinia kwenye ngazi.

"Hakunisamehe."

"Hakuja kukusamehe. Alikuja kusoma."

"Na wewe?"

Alimtazama, shati limelowa jasho, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza wiki ile, kifua kilimlegea.

"Mimi Jumamosi naolewa. Ukichelewa, shauri yako."