Sahani ya Gasto

Wewe uliyefika kidato cha sita utacheka. Cheka tu. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kwa habari ya Zefania, binamu wa baba, hakuna msomi wa kunifundisha.

Mwaka 1994 alipata kazi ya kupima tope katika Ziwa Kitangiri. Kila baada ya siku kumi na sita setilaiti ilipita juu asubuhi, ikapiga picha. Saa ile ile Zefania alitakiwa awe majini, ashushe sahani nyeupe ya bati kwa kamba na kuandika imepotelea kina gani, ili wakubwa walinganishe na picha. Sheria ilikuwa moja: mtumbwini muwe wawili. Wa pili alikuwa mdogo wake, Gasto.

Siku moja Zefania aliamka na pombe ya jana kichwani. Akamtuma Gasto peke yake, mwenyewe akaandika daftarini: *wawili*.

Mtumbwi ulirudishwa na upepo. Mtupu. Gasto hakuonekana, wala sahani.

Angesema, kazi ingeota mbawa. Akamwambia mama yao, Damari, kwamba Gasto kakimbilia machimboni Mererani. Vijana wangapi walikuwa wameenda? Nani angeshangaa?

"Hata kuniaga?" mama aliuliza.

"Ujana tu, mama. Anakusalimu."

Tangu hapo aliingia ziwani peke yake, na sahani mpya. Maji ya kahawia, kimya, hakuna wa kumtania. Kwa mazoea aliacha nafasi ya mtu mbele, akawa anaongea nayo. Akaacha kuongea siku alipokuta ubao wa pale umelowa, kama mtu katoka kuukalia.

Asubuhi moja Bwana Chediel, mkubwa wa mradi, alifika na gari kutoka Kiomboi, akatandaza picha tatu juu ya boneti.

"Mtaalamu, njoo unieleze. Siku hizi unalima chini ya maji?"

Picha ya kwanza: doa la tope katikati ya ziwa. Ya pili: doa limekuwa mstari. Ya tatu: mstari umekaribia ufukwe, kama mtu anayeburuza miguu.

"Hapa hakuna mto," Chediel alinong'ona. "Na upepo unavuma kinyume."

Mstari ulianzia pale pale alipotumwa Gasto. Ulielekea kwa mama.

"Ya mwisho ya lini?"

"Siku kumi na sita zilizopita. Leo inapita tena."

Zefania alikimbia.

Mlangoni palikuwa na tope. Nyayo. Za kuingia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwenzio kashakula."

"Nani?"

"Unaniuliza nani? Mdogo wako! Kachoka, haongei. Vyombo vyangu kavikataa, kataka chake."

Akamsogezea. Sahani nyeupe ya bati, kipande cha kamba iliyooza, namba ya mradi pembeni. Ugali wa mtama umekatwa katikati. Nusu imeliwa.

"Hiyo yako," mama alisema. "Neno alilosema ni moja tu. *Wawili.*"

Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Zefania alipiga magoti, akasema yote. Matanga yakakaliwa.

Sahani tunayo hadi leo. Unaona naongopa? Njoo uishike. Tope la katikati bado bichi.