Mlango Uliogongwa Kila Somo

"Mama, leo utafundisha?"

Mulalo aliuliza hivyo kila asubuhi, mdomo umejaa uji. Na kila asubuhi mama yake, Muofhe, alimjibu: "Leo nitafundisha, mwanangu."

Aliitamani kazi hiyo tangu alipokuwa akisomea ukunga. Miaka yote ya masomo hakumwona mwalimu hata mmoja Mvenda, wa kabila lake. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mwalimu katika chuo cha wauguzi, Pretoria, mbali na kwao kaskazini. Kati ya walimu wote, Mvenda alikuwa yeye peke yake. Alikuwa na somo alilolipenda kuliko yote: namna ya kumzalisha mama ambaye mtoto wake ametanguliza makalio. Alilifikiria akipika. Alilifikiria akifua.

Siku hiyo aliingia darasani, akamshika mwanasesere wa kufundishia. Hajafungua kinywa, mlango ukagongwa.

"Mwalimu Muofhe, njoo wodini upesi! Bibi mmoja wa kwenu ameanguka!"

Alikimbilia hospitali iliyopakana na chuo. Alimkuta bibi amelala ubavu sakafuni mbele ya daktari, viganja vimeunganishwa. Wanafunzi wawili walikuwa wakimvuta kumweka kwenye kiti cha magurudumu.

"Mwacheni!" Muofhe alisema. "Hajaanguka. Anasalimia kwa heshima, kama wanawake wa kwetu!"

Bibi aliinua kichwa, akanena kwa Kivenda: "Mwanangu, waulize hawa. Mimi nasalimu, wao wananipakia kama gunia la mahindi?"

Muofhe alipotafsiri, wodi nzima ilicheka. Naye alicheka. Kisha akabaki kuwatafsiria hadi saa ya chakula. Aliporudi, darasa lilikuwa tupu. Mwanasesere alikuwa amelala mezani, pale pale alipomwacha.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Akija mgonjwa wa Kivenda, aitwe Muofhe. Mwanafunzi wa kaskazini akilia, aitwe Muofhe. Wakija wageni, Muofhe avae nguo za kwao acheze ngoma. Lakini nafasi ya mwalimu mwandamizi ilipotokea, mkuu wa chuo, Bi Mokgadi, alimwambia: "Hujafundisha vya kutosha, dada."

Jioni ya siku aliyoambiwa hivyo, Muofhe aliegemea ukuta wa uani. Upande wa pili jirani yake, Mama Nosipho, alikuwa akianua nguo. Mama huyo alifundisha wauguzi mpaka akastaafu.

"Naacha kazi, Mama. Sikuja huku kuwa daraja la kukanyagwa."

"Uende? Na msichana wa Kivenda atakayekuja mwakani, atamwona nani ubaoni?"

Muofhe alishika ncha ya shuka, wakaikunja pamoja juu ya ukuta.

"Sikiliza, binti. Kuajiri walimu wa makabila yote ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwapa nafasi wakue. Wodi iajiri mkalimani. Kuwalea wanafunzi wageni kuhesabiwe kuwa kazi, na walimu wote wagawane. Nawe upewe mwalimu mzoefu akuongoze. Umemwambia mkuu wako?"

"Ataniona mlalamishi. Bora niwe mpole."

"Punda naye ni mpole. Umeona anatuliwa mzigo?"

Kesho yake Muofhe alikwenda, akasema yote. Bi Mokgadi alinuna.

"Sisi tulidhani kukuita ni kukuheshimu."

"Niheshimuni kwa kuniacha nifundishe. Na zile salamu ziwe somo. Wajifunze wote, walimu kwanza!"

"Kwani unatolewa darasani mara nyingi kiasi hicho?"

"Muulize binti yangu. Kila asubuhi ananiuliza kama nitafundisha. Kila asubuhi namdanganya."

Bi Mokgadi alimvutia kiti. Kisha akasema, "Keti, dada. Tuanzie wapi?"

Muhula uliofuata wodi ilipata mkalimani. Walimu waligawana kuwalea wanafunzi wageni, na mwalimu mmoja mzoefu akawa anaketi na Muofhe kila wiki. Chuo kilitangaza nafasi hadi kaskazini, kikampata mwalimu wa pili Mvenda.

Siku ya somo lake ilifika. Muofhe alimshika mwanasesere. Mlango ukagongwa. Mikono yake ilimweka mezani yenyewe, kwa mazoea.

Alikuwa Bi Mokgadi. "Kuna bibi wa Kivenda wodini," alisema.

Muofhe alianza kuelekea mlangoni.

"Mwanafunzi wa Kizulu amepiga magoti, amemwitikia vizuri kabisa. Mimi nimekuja kusikiliza somo." Akaenda kuketi nyuma.

Muofhe akamwinua tena mwanasesere. Akafundisha mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata Mulalo alikula uji kimya.

"Leo huniulizi?"

"Nikuulize nini, Mama? Si unafundisha?"