Zamu ya Kusikia

Cherehani ilikuwa inashona, saa nane usiku, na fundi wangu mwenyewe, shoga yangu we, yuko kitandani! Sauti ileile aliyokuwa akiisikia mdogo wake miezi sita mizima, mganga akamfukiza, hospitali wakampa vidonge, na mchana wa siku hiyo dada mtu alimsindikiza kliniki, daktari akasema amepona.

Akamwamsha mdogo wake gizani. "Unasikia?"

"Sisikii kitu, dada. Lala bwana, usije ukanipokea zamu." Akacheka, akajifunika.

Mashine ikaenda mpaka alfajiri. Kulipokucha akafungua chumba cha kazi, akakuta kigauni anachomshonea mwanangu kimezibwa mikono yote miwili, kwa uzi mweusi ambao hana.

"Usimwambie mtu," akanisihi, "watanipeleka na mimi."

Nikamuapia. Zaidi yako wewe, simwambii mtu mwingine.