Saini za Glovu Ambazo Hazikuja

Jumapili mchana, nyumba ya Bibi Katibu ilijaa hadi mlangoni. Majirani wote walikuja kutazama filamu kwenye televisheni yake. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya mambo ya kweli, kuhusu kiwanda cha sabuni cha mtaa wao.

"Shemeji, kaa chini! Mgongo wako si kioo," mtu alipiga kelele. Watu wakacheka.

Aliyeambiwa ni fundi viatu, mume wa Mama Pacha. Mama Pacha hufanya kazi kiwandani. Huchota dawa kali ya kutengenezea sabuni. Vidole vyake vimechubuka.

Mara uso wanaoujua ukatokea kwenye filamu. "Kicheko wetu huyo!" walishangilia. Kicheko alikuwa mwenzake Mama Pacha kazini. Lakini kwenye filamu hakucheka. Aliinua mkono wa kulia. Ngozi ilikuwa imeungua, vidole vimejikunja.

"Tunachota dawa kwa mikono mitupu," alisema. "Kampuni imekataa kunitibu."

Watu wakasogea karibu na televisheni.

Kisha akatokea meneja wa kiwanda. "Kila mwezi tunawapa wote glovu," alisema. "Saini zao hizi hapa." Akafungua kitabu.

"Mama," pacha mmoja aliuliza, "ile yenye mkia mrefu si saini yako?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa.

"Mke wangu, ulipewa glovu?"

"Sijaziona hata kwa dawa. Mtunza stoo hutuambia, 'Sainini kwanza, mzigo uko njiani.' Ukiuliza, foleni nzima inakufokea kwamba unawachelewesha."

"Basi mmemponza Kicheko kwa kalamu zenu," alisema mumewe.

Mama Pacha akalia. Bibi Katibu akazima televisheni. Zamani alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi.

"Futa machozi, mwanangu. Sikiliza. Kukukinga kazini ni wajibu wa mwajiri, si hisani. Na saini ni ushahidi wako. Usiitoe kabla ya kupokea kitu mkononi. Kitabu kikija bila glovu, andika 'Sijapokea', weka tarehe, ndipo usaini. Halafu andikeni barua, mseme ukweli wa saini zile za zamani. Ipelekeni kwa afisa wa kazi."

"Wakinifukuza je, Bibi?"

"Ukienda peke yako, watakufukuza. Mkienda foleni nzima, nani atawapikia sabuni?"

Mwisho wa mwezi, Mama Pacha alisimama wa kwanza kwenye foleni ya stoo. Akaandika kitabuni: Sijapokea.

"Leo umekuwa mwanasheria?" mtunza stoo alimkejeli.

Mama Pacha alimpa kalamu mwanamke wa nyuma yake. Naye akaandika vilevile. Na wa tatu. Ukurasa ukajaa neno moja.

Barua ilifika kwa afisa wa kazi, ikiwa na majina ya wote. Afisa akaja, akakagua kitabu na stoo. Stoo haikuwa na glovu hata moja. Kampuni ikaamriwa kumtibu Kicheko na kuleta glovu.

Mkono wa Kicheko hautanyooka tena kama zamani. Lakini sasa anatibiwa.

Siku glovu zilipofika, mtunza stoo alisukuma kitabu mbele. "Haya, saini."

"Subiri, kaka," alisema Mama Pacha.

Akazivaa zote mbili. Zilifika viwikoni. Akakunja ngumi, akakunjua. Ndipo akavua ya kulia, akachukua kalamu.