Mama Godelieve na Vitesi Vilivyovunjika

Kila asubuhi Mama Godelieve hupakia magunia mawili ya mikate kwenye baiskeli yake ya umeme, mtaani Dilala, na kupanda mlima kuwauzia wachimbaji wa madini. Baiskeli ile ina nguvu kweli kweli. Mota iko katikati, penye pedali. Vitesi, yaani gia, vimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma.

Siku moja kitovu kililia krrr mlimani, pedali zikazunguka bure. Ilikuwa mara ya pili mwaka huo. Wachimbaji walishinda njaa, na muuza mikate mwingine akaanza kuizengea nafasi yake.

Shemeji yake Gael, dereva wa taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, hakukosa la kusema. Kinga ya nguvu, yaani baiskeli yenye mota, alisema, haitaki mikono ya mwanamke. Aiuze tu, arudi kubeba mikate kichwani.

"Mi siuzishi kinga yangu, Gael," akamjibu. "Na kichwani sirudi."

Akaikokota hadi kwa fundi Symphorien. Fundi akafungua kitovu, akamwonyesha meno madogo ya chuma yaliyokatika. Akamuuliza anabadilisha vitesi namna gani.

Alibadilisha kama Gael alivyomfundisha: mota inavuta kwa nguvu zote, na vitesi vinaingizwa humo humo. Ndio mtindo wa madereva wa taksi-moto mjini, na huonekana ushujaa.

"Hapo njo kosa iko, mama," fundi akasema. "Mota na miguu yako binavuta pamoja, na bile bitu bya ndani ni bidogo. Achia pedali kwanza, mota ipumzike, kisha njo ubadilishe. Ukiwa na muzigo, ondoka na vitesi ya chini."

Akatia meno mapya na oili mpya, akapunguza nguvu ya mota. Akamwambia oili hiyo ibadilishwe kila mwaka, hata kama kitovu hakilii.

Kesho yake Godelieve alipita mbele ya kituo cha taksi-moto na magunia yake mawili. Madereva wakamzomea. Hakugeuza shingo. Mguu ulitulia, vitesi vikaingia, akapanda mpaka juu. Mwaka umepita sasa, kitovu ni kile kile, na wachimbaji wanakula mikate yake.

Jumapili iliyopita Adèle, mke wa Gael, alileta kinga yake mpya ya umeme kwa Godelieve, afundishwe kuiendesha. Gael akaja nyuma yake, tayari ameanza kumwelekeza namna ya kuvuta.

"Kaa chini, shemeji," Godelieve akamwambia. "Huyu namufundisha mi. Na wewe sikiliza."

Gael akatafuta kiti, akakaa.