Maji ya Githae

Nzisa alikuwa ameinama juu ya rundo la nguo za watoto katika soko la mitumba la Thika, akichagua mablanketi yasiyo na madoa, aliponusa mwanamume kabla ya kumwona. Marashi yalikuwa makali mpaka muuza nguo akapiga chafya. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko limefurika, mikokoteni inakanyaga vidole vya watu, na katikati ya zogo hilo alisimama jamaa mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, naye alikuwa akichagua mashati mengine meupe.

"Hiyo marashi umejipaka ama umeogea?" Nzisa akamuuliza.

"Nimeogea," akajibu bila haya. "Na wewe, hao watoto wote ni wako?"

"Wote. Na wengine wanakuja Jumatatu."

Jamaa alicheka kwa sauti, na kicheko chake kikampendeza Nzisa kuliko marashi yake. Akamweleza kwamba yeye ni mkunga katika kliniki moja ndogo kule Mwiki, Ruiru, na kwamba mablanketi ni ya akina mama wanaokuja kuzaa mikono mitupu, mtoto akafungwa kwa leso aliyokuja nayo mamake. Jamaa naye akasema anaitwa Githae, anaishi Kiganjo, na anafanya biashara ya maji. Alimbebea furushi mpaka stendi, na walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Simu zikaanza. Githae alimwita "daktari wangu", na kila akirekebishwa kwamba ni muuguzi, alijibu kwamba ugonjwa wake yeye haujaandikwa vitabuni. Jumapili walikula nyama choma Thika, Nzisa amevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, Githae amevaa jeupe lilelile. Hakuna siku aliyokuja na doa. Nzisa alijiona amebahatika kupata mwanamume msafi.

Kliniki yake yenyewe ilikuwa kichefuchefu. Wafadhili waliijenga, wakakata utepe, wakala kuku, wakapiga picha na wanawake wajawazito, wakaenda zao. Mifereji waliyoiacha iling'aa vizuri na haikutoa hata tone. Choo kilikuwa kimejaa kikafurika, na mama aliyetoka kujifungua, damu ingali inamchuruzika miguuni, alipita akirukia mawe ili kukwepa uchafu uliotapakaa mpaka chini ya dirisha la chumba cha kuzalia. Funza walipanda ukutani. Nzisa alizoea damu na matapishi, lakini hilo hakulizoea, na sijui ni nani mwenye akili timamu angelizoea. Waliolipwa kushughulikia mambo hayo waliahidi kila mwezi kwamba gari la kunyonya choo linakuja.

"Leo mama ameteleza kwa hicho choo akaanguka," alimwambia Githae kwa simu jioni moja. "Ameshonwa asubuhi, ameanguka kwa mavi mchana. Haki nimechoka."

Upande wa pili Githae alikohoa.

"Githae?"

"Nakuskiza, babe. Umekula?"

Nzisa alidhani ni mtu mwenye moyo mwepesi asiyeweza kusikia habari za uchafu, akampenda zaidi kwa hilo. Tena la maji alimsaidia bila kuombwa mara mbili. Alifika na lori la buluu, akajaza tangi la kliniki, akina mama wakamwombea baraka. Kwamba lori lile lilikuwa la rafiki yake Kiama, na kwamba alikuwa akiliazima kila safari, hakusema.

Halafu ikaja siku ambayo tangi lilikauka asubuhi, na wanawake watatu wakawa na uchungu kwa wakati mmoja. Nzisa alipiga simu akiwa ameibana kwa bega, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Githae alisita kidogo, kisha akasema anakuja. Baadaye Nzisa alisikia lori likiguruma nyuma ya jengo na maji yakiingia tangini, akamshukuru Mungu, akaendelea kumhimiza Waithira asukume.

Waithira alikuwa msichana wa kufua nguo za watu, na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Wakati Nzisa akimshona, msaidizi wake Maggie alimfuta mtoto kwa kitambaa kilicholoweshwa kwenye beseni la maji ya tangi, akampangusa hata kitovu. Ndipo Nzisa alipofungua mfereji wa tangi anawe mikono. Harufu ya klorini ilimchoma macho. Chini ya klorini kulikuwa na harufu nyingine, na hiyo aliijua vizuri mno, maana iliingia kila siku kupitia dirisha lile.

Alitoka nje bila kunawa. Lori lililosimama pale halikuwa la buluu. Lilikuwa la kahawia, lenye bomba nene la mikunjo lililozungushwa ubavuni kama utumbo, na Githae alikuwa kando yake amekunja mikono ya shati lake jeupe.

"Hii lori hubeba nini?"

"Ile ya buluu ni ya rafiki yangu Kiama, imeharibika Juja. Nimeiosha hii, Nzisa. Nimemwaga klorini, nikaosha tena, nikamwaga ingine. Bomba nimeweka mpya. Hata ungekunywa."

"Nimekuuliza hubeba nini."

Githae aliangalia viatu vyake. "Ya choo. Mimi hufanyanga exhauster, kunyonya vyoo."

Nzisa alitapika palepale kando ya ukuta. Alipoinuka alimpigia Maggie kelele amwage kila beseni, akafungulia tangi mpaka likakauka, akasugua mikono kwa spiriti hadi ngozi ikachubuka. Githae alijaribu kumshika bega. Nzisa alimwambia akimgusa atamzaba kofi, na hakuwa anatania.

Siku chache baadaye mtoto wa Waithira alipata homa. Kitovu kilivimba kikawa kinatoa usaha wenye harufu mbaya, na mtoto akaacha kunyonya. Walimkimbiza hospitalini Thika, akatobolewa sindano kichwani kwa sababu mishipa ya mkononi haikuonekana. Waithira, matiti yake yamejaa maziwa yanayolowesha blauzi, alimuuliza Nzisa kosa liko wapi.

"Ni viini," Nzisa akasema. "Watoto wachanga hupata."

Alilisema kwa sauti ile laini ya kazini. Kisha akaenda chooni akajitazama kwenye kioo, akachukizwa na uso aliouona. Simu kutoka kwa Githae iliita mfukoni mwake, akaizima.

Mtoto alipambana akapona. Wiki ile aliporudishwa nyumbani, lori la kahawia liliingia uani mwa kliniki mchana kweupe. Githae aliteremka na ovaroli na gambuti za mpira, hakumwomba mtu yeyote ruhusa, akafunua shimo, akaingiza bomba. Uvundo ulienea mtaa mzima, wenye vioski wakafunga madirisha. Alinyonya mpaka shimo likawa tupu, akasugua mawe yote, akapiga maji chini ya dirisha. Nzisa alimtazama kazi yote ile akiwa mlangoni, hasira ikimpanda badala ya kushuka.

"Miezi yote hiyo," akamwambia alipomaliza. "Nakulilia kwa simu juu ya hiki choo, na gari iko kwako."

"Niliogopa. Msichana niliyekuwa naye kwanza aliskia kazi yangu, akashika pua mbele ya watu. Nikasema wewe sitakupoteza hivyo." Alifuta jasho. "Nisamehe, Nzisa. Nataka kukuoa. Nilikuwa nimepanga kukuambia Krismasi, kwenu, mbele ya mamako."

Nzisa alihisi machozi yakimjia, kwa sababu bado alimpenda, na hilo nalo lilimuudhi.

"Waithira umemwambia?"

"Mwambie wewe. Wewe anakuamini."

"Twende wote."

Waithira aliishi chumba kimoja juu katika ploti ya vyumba vya kupanga, si mbali. Aliwakaribisha wakae kitandani, akampa Nzisa mtoto ampakate, akataka kuweka chai. Githae alibaki amesimama. Alieleza kila kitu bila kujipamba, lori, klorini, bomba, na aibu yake. Waithira alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Nzisa kana kwamba yule mwanamume hakuwepo.

"Sister, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nikikuuliza pale hospitali, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Waithira alinyoosha mikono akamchukua mtoto wake. Hakupaza sauti. "Nikipata mwingine nitazalia hapa hapa kwa sakafu," akasema. "Tokeni kwangu."

Mlango ulifungwa nyuma yao. Kwenye veranda nyembamba ya ploti ile, kati ya ndoo na kamba za nguo, Githae aliuliza kwa sauti ndogo kama bado kuna lolote kati yao.

"Ungekuja na hiyo gari siku ya kwanza, na harufu yake yote, ningekupenda hivyo hivyo," Nzisa akasema. "Ningekupeleka kwa mama yangu na gambuti. Ulidanganya kwa sababu ya aibu yako, sawa. Lakini mimi nimedanganya mama wa mtoto mgonjwa kwa sababu yako. Sikujua naweza."

"Tunaweza kuanza upya, mpenzi."

"Siku moja utaniletea kikombe cha maji, Githae, nikiwa na mimba yako, nimechoka. Na mimi nitakinusa kwanza. Kila siku nitakinusa kwanza. Hiyo si ndoa."

Githae aligeuka. Akashuka ngazi, na hatua za gambuti zake zikasikika mpaka chini.

Nzisa hakumfuata. Alijipangusa uso kwa kiganja, akageuka, akabisha mlango wa Waithira. Haukufunguliwa, akabisha tena.