Taa ya Devotha Haiondoki Mezani

Kila Jumamosi Devotha wa Kalenga hufua sare, huteka maji, kisha hukaa na bibi yake anayesuka vikapu vya milulu, nyasi ngumu za kinamasi. Lakini mwezi ule alikuwa na kazi nyingine. Alikunja karatasi za mifuko ya saruji. Katika kitabu cha maktaba alikuwa ameona taa za karatasi za Wajapani, zinazokunjwa zikawa bapa. Akataka kutengeneza ya kwake. Taa nne za kwanza zililala chini kama kuku wagonjwa. Ya tano ilisimama, kwa sababu aliishonea pete ya milulu juu na chini.

Siku ya maonyesho ya shule, Mwalimu Liberatus aliigeuzageuza.

"Hii umeinunua mjini. Iondoe mezani."

"Nimetengeneza mwenyewe, mwalimu."

"Mjapani wa Kalenga!" Ezekia, mwanafunzi mwenzake aliyemwona na kile kitabu, alidakia. Darasa likacheka.

Lusia, rafiki wa Devotha, akamvuta sketi. "We, omba radhi yaishe."

"Kwa kosa gani?" Devotha akamgeukia mwalimu. "Siiondoi. Naomba mfuko wa saruji, nitengeneze nyingine hapahapa."

Mfuko ulitoka stoo. Devotha akaketi sakafuni, akaukung'uta, akakata, akakunja, akikandamiza kila mkunjo kwa ukucha, kisha akashonea pete za milulu iliyobaki mfukoni mwake. Ezekia aliacha kucheka, akaja kumshikia ncha. Kengele ya uji ililia, hakuna aliyetoka. Taa ya pili ikasimama. Alipotia balbu ya sola ndani, maandishi ya mfuko yakaonekana kinyumenyume: KILO 50.

"Mwalimu, duka gani linauza taa ya kilo hamsini?"

Hata mwalimu alicheka. Akachukua daftari la majina ya watakaokwenda kwenye mashindano ya ubunifu Iringa mjini. "Kwa hiyo yote umebuni wewe?"

"Sema ndiyo," Lusia alinong'ona.

Devotha aliitaka safari ile sana. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mikunjo ni ya Wajapani. Pete nimejifunza kwa bibi. Kuviunganisha ndiyo kazi yangu."

Mwalimu aliandika jina lake, kisha akasimama mbele ya wote.

"Nisamehe, Devotha. Nilitazama umri wako, sikutazama kazi yako. Na ninyi mjifunze kwake. Ukisingiziwa, simama uoneshe ukweli. Ukisifiwa, usichukue kisicho chako."

Devotha akaiweka taa mpya mezani, kando ya ile ya kwanza. Sasa zilikuwa mbili.